Kidude cha televisheni ndani ya ndege ndogo

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo mambo ya tovuti na hifadhidata, tupande angani. Kuna hadithi moja ya teknolojia ambayo sijaiona ikisimuliwa kwa Kiswahili, nayo ni ya kisanduku kidogo kinachotosha kiganjani. Rubani wa ndege binafsi hukibandika kwenye kioo cha dirisha, kisha tableti iliyo mapajani mwake inamwonyesha ndege nyingine zilizo karibu na mvua iliyo mbele yake. Mwaka 2005 habari kama hizo zilimgharimu maelfu ya dola. Kufikia 2015 mtu mwenye subira aliweza kujiundia kisanduku chake kwa kama dola 120. Bei ilishukaje hivyo? Na je, kisanduku cha bei nafuu kinaona sawasawa na cha bei ghali? Jibu la swali la pili ndilo lililonifanya niandike, maana si lile ambalo wengi wanalitarajia. Hadithi yenyewe ni ya Marekani, kwa sababu huko ndiko ilikotokea.

Tuanze na tatizo. Rubani anayeruka kwa kutegemea macho ana kanuni moja ya kale: tazama nje, ukiona ndege nyingine ikwepe. Ni kanuni nzuri, ila kitu ambacho mtagongana nacho huwa hakisogei machoni pako. Kinaganda pale pale kwenye kioo kama kidoa cha vumbi, kinakua polepole, halafu ghafla kinajaa dirisha zima. Tarehe 25 Septemba 1978, Boeing 727 ya shirika la PSA ilikuwa inakaribia kutua San Diego. Waongoza ndege waliwaarifu marubani kwamba kuna Cessna mbele yao, nao wakajibu kuwa wameiona. Kisha wakaipoteza machoni. Ndege hizo ziligongana juu ya makazi ya watu, wakafa watu 144, saba kati yao wakiwa ardhini. Tarehe 31 Agosti 1986, DC-9 ya Aeroméxico iligongana na Piper ndogo juu ya Cerritos, karibu na Los Angeles. Wakafa 82.

Baada ya Cerritos, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1987, na kufikia mwisho wa 1993 ndege za abiria zenye viti zaidi ya 30 zilitakiwa kuwa na TCAS. Huu ni mtambo unaoziuliza transponda za ndege nyingine "uko wapi?" na kumwambia rubani apande au ashuke. (Transponda ni redio iliyo ndani ya ndege inayojibu ikiulizwa na rada.) Mtambo mzuri sana, lakini bei yake ilizidi bei ya Cessna kuukuu yenyewe. Mwenye ndege ya injini moja aliachiwa macho yake.

Haya. Katika miaka ya 2000 kilikuwepo kifaa kimoja ambacho nakipenda kwa ujanja wake. Kampuni iitwayo Zaon iliuza kisanduku cha MRX, kidogo cha kuingia mfukoni, kinachotumia betri za kawaida, bei karibu dola 500. Hakikutuma chochote. Kilikaa kimya kikisikiliza transponda za wengine zikijibu maswali ya rada. Ndani ya jibu kuna mwinuko, kwa hiyo kilijua ndege ile iko futi ngapi juu yako au chini yako. Umbali kiliukisia kutokana na nguvu ya mawimbi. Na upande gani? Hakikujua kabisa! Kilikuambia kuna mtu maili moja kutoka hapa, futi 300 juu yako, mtafute mwenyewe. Ni kama jirani akupigie simu usiku kwamba ameona mwizi karibu na boma lako, halafu akate kabla ya kusema yuko upande wa lango au wa zizi. Tena pasipokuwa na mtu wa kuuliza, transponda hazijibu, na kisanduku kinakuwa kiziwi.

Kwa upande wa hali ya hewa mambo yalikuwa ya watu wenye pesa. Mwaka 2005 Garmin ilitoa GPSMAP 396, kifaa cha mkononi kilichopokea picha za rada ya mvua kutoka satelaiti za redio ya XM. Kifaa chenyewe kilizidi dola 2,000, na juu yake ada ya karibu dola 50 kila mwezi. Marubani walikipenda kupita kiasi, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuona dhoruba iliyo maili 100 mbele. Lakini usipolipa mwezi huu, skrini haina mvua.

Sasa twende Alaska, maana huko ndiko mambo yalikogeuka. Sehemu kubwa ya Alaska haina barabara. Ndege ndogo ndiyo matatu yao: inabeba wagonjwa, barua, unga na watoto wa shule. Na kwa sababu ya milima, ukungu na ukosefu wa rada, zilikuwa zinaanguka mno. Mwaka 1999 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilianza mradi ulioitwa Capstone katika eneo la mji wa Bethel. Serikali ilizifunga ndege za huko, takriban 200 katika awamu ya kwanza, kipokezi cha GPS, skrini na redio mpya. Redio hiyo iliitwa GDL 90, na iliundwa na UPS Aviation Technologies. Naam, UPS ile ile ya vifurushi.

Wazo lilikuwa rahisi mno. Badala ya rada kuzunguka ikiuliza, kila ndege inajua mahali ilipo kwa GPS, basi itangaze yenyewe, kila sekunde, kwa yeyote anayesikia. Hiyo ndiyo ADS-B. Na kwa kuwa redio hiyo ina nafasi, vituo vya ardhini vilirusha hali ya hewa juu ya mawimbi hayo hayo, bure, bila ada ya mwezi. FAA huripoti kwamba ajali za ndege zilizofungwa vifaa hivyo zilipungua kwa asilimia 47. Kwa mtu wa Bethel hiyo ni jamaa waliofika nyumbani.

Zingatia jina hilo GDL 90, tutalirudia. Garmin iliinunua UPS Aviation Technologies mwaka 2003, na mwaka 2007 ikatoa waraka wa wazi unaoeleza jinsi redio hiyo inavyozungumza na skrini. Ni waraka mkavu usio na mbwembwe: kila fremu inaanza na kuishia kwa baiti 0x7E, kuna hundi ya biti 16 ya kugundua makosa, kuna ujumbe wa kila sekunde wa kusema "niko hai", na ujumbe namba 20 ni wa ndege nyingine. Mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta anaweza kuandika programu ya kuusoma kwa wikendi moja. Kwa maoni yangu waraka ule umeshusha bei kuliko kiwanda chochote.

FAA ilipotaka kueneza mambo ya Alaska nchi nzima, ilifanya uamuzi ambao unawasumbua wanunuzi mpaka leo. Mwaka 2002 iliamua kuwe na masafa mawili. Ndege kubwa zitangaze kwenye megahezi 1090, masafa ambayo dunia nzima inayatumia. Ndege ndogo zinazoruka chini ziruhusiwe kutumia megahezi 978, masafa ya Capstone, ambayo ndiyo yanayobeba hali ya hewa. Matokeo yake, ndege mbili zinaweza kupishana, zote zikitangaza kwa sauti, na zisisikizane, kama watu wawili walio kwenye vituo tofauti vya redio. Ili kuziba pengo hilo, vituo vya ardhini vilipewa kazi ya ukalimani: vinasikia 1090 na kurudia kwenye 978, na kinyume chake. Pia vinachukua ndege zinazoonekana kwa rada tu na kuzitangaza kwa niaba yao. Kandarasi ya kujenga vituo hivyo ilikwenda kwa ITT mwaka 2007. Kanuni ilitoka 2010, ikisema kuanzia Januari 1, 2020 kila ndege inayoingia anga lenye shughuli nyingi lazima itangaze. Vituo vilikamilika 2014.

Angalia kanuni hiyo kwa makini. Ililazimisha kutangaza, haikulazimisha kusikiliza. Kifaa cha kutangaza hufungwa ndani ya ndege, hupimwa, hupewa cheti, na cheti ni pesa. Kifaa cha kusikiliza kinachobebwa mkononi hakihitaji idhini ya mtu. Mawimbi yako hewani, hayajafichwa kwa msimbo wa siri, na ujumbe wenyewe umeelezwa wazi. Kwa wanaprogramu huo ni mlango uliofunguliwa wazi!

Kilichobaki kilikuwa skrini, nayo ililetwa na mtu ambaye hakuwa akifikiria ndege. iPad ilitoka Aprili 2010, na marubani waliivamia kwa sababu inabeba ramani zote zilizokuwa zinajaza mkoba. Programu kama ForeFlight zikashika soko. Hivyo mwaka 2012 kampuni ya Appareo ilitoa Stratus, kisanduku kisicho na skrini kabisa, chenye antena, betri na wifi tu, kwa dola 799. Mwaka huo huo Garmin nayo ikatoa GDL 39. Hali ya hewa bila ada! Zaon, na ule ujanja wake wa kukisia, ilifunga mwaka uliofuata.

Dola 799 bado ni pesa. Hapa ndipo kidude cha televisheni kinapoingia.

Kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta vilikuwa vinauzwa vidude vya USB vya kutazamia televisheni ya dijitali, vya dola 20 hivi, vyenye chipu ya RTL2832U. (Vilitengenezwa kwa mfumo wa DVB-T. Sisi Kenya tulichukua DVB-T2, hivyo hapa kwetu havifai hata kuonyesha taarifa ya habari ya saa moja.) Mwanzoni mwa 2012, Antti Palosaari wa Finland, mmoja wa waandishi wa madereva ya Linux, alionyesha kwamba chipu hiyo inaweza kuacha kufasiri picha na badala yake kumwaga sampuli ghafi za mawimbi moja kwa moja kwenye kompyuta. Jamaa wa mradi wa Osmocom wakaandika dereva. Ghafla, redio ya kisasa ikawa jambo la programu tu.

Mwaka huo huo Salvatore Sanfilippo, yule Mtaliano aliyetuletea hifadhidata ya Redis, aliandika programu iitwayo dump1090. Nimekaa na msimbo wake jioni kadhaa, na unasomeka vizuri kama kitabu. Ujumbe wa ADS-B kwenye 1090 una biti 112 tu, unapita hewani kwa mikrosekunde 112, na 24 kati ya biti hizo ni hundi ya makosa. Programu inapokea mamilioni ya sampuli kila sekunde, inatafuta mpangilio wa mapigo yanayotangulia ujumbe, inakata biti, inakagua hundi, na hata hujaribu kurekebisha biti moja iliyoharibika njiani. Baadaye Oliver Jowett akaandika dump978 kwa ajili ya yale masafa mengine.

Mwaka 2015 Christopher Young aliviunganisha vyote. Alichukua Raspberry Pi 2, kompyuta ya dola 35 iliyokuwa imetoka mwaka huo huo, akachomeka vidude viwili vya televisheni, kimoja cha 978 na kingine cha 1090, akaandika programu kwa lugha ya Go na kuiweka hadharani. Akaiita Stratux. Programu hiyo inarusha nini kwa tableti? Fremu za GDL 90, zile zile za Alaska, kwa UDP kwenye poti 4000. Tableti haijui kama inaongea na kisanduku cha dola 800 au cha 120. Kwa wasiopenda kulipia ramani, ilikuwepo tayari Avare, programu huria ya Android isiyo na malipo, nayo ikazungumza na Stratux bila shida.

Viwanda havikulala. Julai 2016 ForeFlight, kwa kushirikiana na uAvionix, ilitoa Scout, kisanduku cha masafa yote mawili kwa dola 199. Mwaka 2018 ikafuata Sentry kwa dola 499, chenye betri ndani, kihisi cha mwegamo wa ndege, na king'ora cha gesi ya monoksidi ya kaboni. Hicho cha mwisho naona ndicho cha thamani kuliko vyote, maana gesi hiyo inayovuja kutoka ekzosi ya injini haionekani na haina harufu.

Sasa lile swali la pili. Je, cha bei nafuu kinaona sawa na cha bei ghali? Ukiondoa ubora wa antena na betri, vyote vinasikia ujumbe ule ule. Tatizo halimo ndani ya kisanduku. Vile vituo vya ardhini vinavyofanya ukalimani havimtangazii kila mtu. Vinamtafuta mteja, yaani ndege inayotangaza yenyewe na iliyosema kwamba ina uwezo wa kusikiliza. Kwa mteja huyo vinatengeneza duara la maili 15 za baharini kumzunguka, futi 3,500 juu na chini, na kumpelekea wote waliomo. Wewe usiyetangaza, uliyenunua kisanduku cha kusikiliza tu, si mteja. Unadaka makombo: wanaotangaza wenyewe kwenye masafa unayoyasikia, na ndege zilizotajwa kwa ajili ya mteja mwingine anayepita karibu. Akiondoka mteja yule, ndege tatu zinatoweka kwenye skrini yako ilhali ziko pale pale angani.

Kati ya 2012 na 2020, marubani wengi waliruka na picha hiyo yenye mashimo, wengine wakidhani ni kamili. Skrini nyeupe inatuliza moyo kuliko kutokuwa na skrini, na hapo ndipo hatari ilipo. FAA yenyewe iliona watu wanajivuta, ikatoa punguzo la dola 500 mwaka 2016 kwa mwenye ndege atakayefunga kifaa cha kutangaza. Tangu 2020 hali ni bora sana katika anga lenye shughuli nyingi. Hata hivyo ndege za zamani zilizojengwa bila mfumo wa umeme, maputo na ndege zisizo na injini zilisamehewa sehemu nyingi, nazo haziimo kwenye skrini ya mtu.

Mvua nayo ina ujanja wake. Picha ya rada inayofika kwenye tableti imeunganishwa kutoka rada nyingi, na kila moja huchukua dakika kadhaa kuzunguka. Skrini inaandika "dakika 1", lakini dakika hiyo inahesabiwa tangu picha ilipounganishwa, si tangu mvua ilipoonekana. Juni 2012 bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari kwamba katika hali mbaya picha inaweza kuwa kuukuu kwa dakika 15 hadi 20 zaidi ya inavyosema. Tahadhari hiyo ilitaja ajali mbili za vifo, helikopta ya wagonjwa huko Tennessee mwaka 2010 na Piper huko Texas mwaka 2011. Dhoruba inayokwenda kasi husafiri maili nyingi ndani ya dakika 20. Rubani anayejipenyeza kati ya mawingu mawili kwa kutazama picha hiyo anajipenyeza kwenye pengo la zamani. Waliobobea hutumia picha hiyo kuamua kuzunguka mbali, si kuchagua uchochoro.

Basi kwa rubani wa Marekani anayetaka kununua, mimi ningeangalia kwanza kama ndege yake inatangaza, kisha kama kisanduku kinasikia masafa yote mawili. Cha masafa mamoja hata ukipewa bure kiache. Halafu uangalie programu ya tableti, maana Sentry imetengenezwa kwa ajili ya ForeFlight, na ada ya mwaka ya programu itazidi punguzo ulilopata dukani. Stratux ni nzuri kwa anayefurahia kuchezea vifaa. Kwa asiyejua kuandika picha ya mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu, ile tofauti ya bei ataimaliza kwa hasira.

Na sisi huku? Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 iliyobeba watu 44, zote zilizotoka Uwanja wa Wilson, ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walikufa. Dash 8 ilirudi Wilson salama. Siwezi kusema kisanduku kingebadilisha nini siku ile, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Ninaloweza kusema ni la kiufundi. Mtandao wa hali ya hewa kwenye 978 ni wa Marekani, kwa hiyo kisanduku kutoka huko kikifika Nairobi nusu yake italala, na picha ya mvua haitakuja. Wala hakuna vituo vya 978 vya kukutangazia wasiotangaza. Kinachobaki ni 1090: ndege kubwa zinazopita, na ndogo zile ambazo wenyewe wamefunga transponda ya kutangaza. Kwa kazi hiyo Stratux yenye kidude kimoja tu inatosha, na ukiwa unajenga ya hapa usihangaike kununua antena ya pili.